Hajara na Mkanda wa Mtoto

Hajara, fundi wa barabara kuu ya Jinja, ana jicho la kushona na ulimi wa kukata, na hajawahi kukana hata kimoja. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la zamani la Wahindi. Siku hizi kinachomletea wateja si magauni wala sare za shule, ni mikanda ya watoto. Huchukua utepe mzito wa mabegi, akaupitisha mabegani na kifuani kwa mtoto, akaufunga kwa kifungo cha plastiki mgongoni, mahali ambapo mtoto hafikishi vidole. Kisha hutoa mkono mrefu wa utepe, wa kushikwa na mama. Pale mkono unapoungana na mgongo hupiga mishono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Anayemuuliza mbona mitatu huambiwa akashone mapazia.

Mkanda wa kwanza aliushonea mwanawe Shakul, mtoto ambaye tangu alipojua kutembea hakutembea tena, alikimbia tu.

Miaka miwili iliyopita, msimu wa tohara ya Wagisu, Hajara alimpeleka Shakul Mbale kwa wifi yake Ramlah, dada mkubwa wa mumewe Asuman. Ramlah anakaa mtaa wa Namakwekwe, na ni mtu wa kujali sana watu watasema nini. Ukoo wao ni Wanubi, wajukuu wa askari, na Ramlah huibeba heshima ya babu utadhani vyeo alivishwa yeye. Siku hiyo alikuwa na wageni sebuleni. Alipomwona Shakul na mkanda wake alicheka mbele yao wote, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Mama Shakul, wewe nafunga mtoto kama mbuzi? Hapa kwetu hakuna zizi."

Hajara alimjibu kwamba mtoto anakimbia, aangaliwe, kisha akaenda chumbani kusali adhuhuri. Akiwa kwenye sijda alisikia ngoma zikipita nje, kengele za mapajani mwa vijana wanaotahiriwa zikilia, watu wakiimba. Alipotoa salamu na kutoka, alimkuta Ramlah amesimama jikoni na mkasi mkononi, vipande vya mkanda viko sakafuni, na Shakul hayupo. Mtoto alikuwa amezifuata ngoma hadi barabarani, na boda boda ikampitia mguu.

Mguu ulipona vibaya. Hadi leo Shakul anachechemea, wala hakimbii tena.

Hilo peke yake Hajara angeweza, labda, kulimeza. Watu hukosea. Lakini kule hospitalini Ramlah aliwahi kufungua mdomo kabla ya wote, akawaambia ndugu kwamba mama wa mtoto mwenyewe ndiye aliyemfungua mkanda akaenda kuongea na simu. Hajara alieleza, akalia, akaapa. Nani amsikilize, yeye mke wa kuja, mbele ya binti mkubwa wa nyumba? Asuman, anayeendesha lori la unga kutoka upande wa viwanda vya Mbale, alifika jioni, akapita nyumbani kwa dada yake kuchukua nguo za mtoto, kisha akaja hospitalini. Alisikiliza pande zote mbili na kusema, "Dada yangu hawezi kudanganya juu ya mtoto." Yakaishia hapo.

Kwa Hajara hayakuishia popote. Kila alipomwona Shakul akipanda ngazi za baraza kwa kuuburuta mguu, alimlaani Ramlah kwa jina lake na la baba yake. Halafu alikumbuka kwamba baba huyo ni mkwewe, marehemu, akairudia laana bila baba.

Mwaka huu msimu wa tohara ukakaribia tena, na Ramlah mwenyewe akatokea Jinja amembeba mjukuu wake Juwairiya, mtoto wa miaka miwili na nusu, miguu haitulii.

"Nisaidie, Mama Shakul. Mtoto hii imenishinda. Mwezi wa nane ngoma naanza, na mimi nasikia mikanda yako ni mizuri."

Aliomba hivyo hivyo, macho makavu, bila neno lolote la mkasi.

"Kaa," Hajara alisema.

Akashona. Alipofika pale mkono unapoungana na mgongo, aliutoa uzi mzito, akatia uzi wa pamba uliooza kwa kukaa juani, akapiga mshono mmoja tu. Alijua anachofanya, tusimpambe. Namwase, anayeuza vifungo na nyuzi baraza ile ile, aliona uzi ukibadilishwa, akaendelea kupanga vifungo vyake. Hajara alisikia utamu hadi kwenye meno. Aliziona ngoma za Namakwekwe, akamwona Ramlah ameshika mkono wa mkanda usio na mtoto.

Alimvalisha Juwairiya kwa mikono yake mwenyewe na kumpa Ramlah mkono wa mkanda. Mtoto alipogusa ardhi tu alichomoka, anacheka, moja kwa moja kuelekea boda boda zilizokuwa zikipita. Mkanda ulikazika. Hajara akausikia uzi ukiachia, na kabla hajafikiri lolote alikuwa amemdaka mtoto kwa gauni, ukingoni mwa baraza.

Ramlah alibaki na utepe mtupu mkononi.

"Umeshona vibaya!"

"Nimeshona nilivyotaka. Nilitaka ukatike."

"Wewe nataka kuua mtoto yangu?"

"Nilitaka uonje. Tangu nilipokwambia ukae, nilitaka. Namwase ameona, muulize." Alimshika mtoto vizuri zaidi. "Mungu anisamehe kwa huyu mtoto. Yangu nimeyasema mbele ya watu. Sasa sema yako. Mpigie Asuman, weka sauti kubwa. Ukikataa nenda, lakini mkanda wangu hauvuki baraza hii."

Wanawake waliokuwa wakipita walikwisha simama. Ramlah alitazama huku na huku, akamtazama mjukuu wake anayejinyonganyonga kwenye mkono wa Hajara, miguu yake bado inakimbia hewani. Akatoa simu.

"Asuman. Ile siku ya Shakul... ni mimi nakata mkanda. Hajara hakufungua. Yeye alikuwa nasali."

Kwenye simu ilisikika injini ya lori, kisha ikazimwa.

"Najua, dada," Asuman alisema. "Vipande niliviona jikoni kwako jioni ile ile. Mimi ndiye niliyevitupa. Sasa wewe mambo hayo nafukua ya nini? Hajara amekwisha zoea."

Namwase alijiziba mdomo. Ramlah aliikata simu haraka, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alishindwa kumtazama wifi yake usoni.

Hajara alirudi kwenye cherehani. Alimpakata Juwairiya kwenye goti moja, akafumua ule uzi uliooza, akatia uzi mzito na kupiga mishono yote mitatu. Alimvalisha mtoto, akauvuta mkanda kwa nguvu mara mbili, akamkabidhi Ramlah. Walipoondoka hakuwasindikiza hata kwa macho.

"Namwase," alisema, "leo ni siku gani?"

"Jumanne."

Asuman angerudi Ijumaa. Hajara aliona siku hizo zinamtosha kufunga virago vyake na vya Shakul.