Hongera Kabla ya Mavuno

Harufu ya mpunga mbichi unaokaangwa chunguni hainipendezi, na wanangu hunicheka kwa hilo. Wao wakisikia pepeta wanakimbilia nazi na sukari. Mimi huchukua kiti changu nikakaa nje mpaka harufu iishe, maana hunirudisha Tingi, na Tingi sipendi kurudishwa bila taarifa.

Tuliishi huko mimi na mama, Bi Somoe, baada ya baba kumwacha. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa umri wa kurusha jiwe kwa teo, ila si wa kulenga kitu. Kaka yake mama, Mjomba Hamisi, alikuwa na duka Mtama, kule upande wa Lindi. Habari za talaka zilipomfikia alipanda lori akatufuata. Kwake yeye, mwanamke kukaa peke yake ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mama alikataa katakata kuondoka. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho mjomba akasema, "Haya, dada. Lima. Ukivuna chakula cha mwaka, kaa hapa, sitasema neno. Ukishindwa, nakuja kukuchukua wewe na mwanao."

Basi mama yangu alilima. Alifyeka kipande cha bonde, akapanda mpunga, akapalilia mpaka viganja vikachubuka. Masuke yalipotoka tukawa tunashinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti cha kulindia shamba. Asubuhi tulifukuza ndege, mchana nyani. Mimi nilipiga debe. Mama aliwatukana nyani kwa Kimatumbi, akiwaita kwa majina ya waliokuwa shemeji zake. Nilipolalamika kwamba jua linaniunguza, alinijibu, "La Mtama ni kali zaidi, tena huko utaungua uani kwa watu." Sikumwona akisinzia hata mara moja.

Mpunga ukaanza kugeuka rangi. Majirani waliokuwa wakipita njiani wakawa wanasimama na kumpa hongera. Mwanzoni aliwajibu kwa ukali kwamba hongera hizo wazilete mpunga ukiwa ghalani. Kisha Mjomba Hamisi akaja tena, safari hii na doti ya kanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako bondeni. Alizunguka shamba lote, akavunja suke, akazitafuna punje chache.

"Basi, dada, umenishinda," akasema. "Kaa kwako."

Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu talaka, na mimi nikacheka naye. Kesho yake tulifika shambani jua limeshapanda.

Halafu ukaja wakati wa pepeta. Kwetu, mpunga ukikaribia kukomaa, watu hukata masuke machache mabichi, wakakaanga punje na kuzitwanga zingali moto, na wanawake huenda nyumba hata nyumba kusaidiana kutwanga. Ni siku za vicheko na shibe, lakini kila nyumba huacha mtu juu ya dungu. Mama alitwanga kwetu, akaenda kwa jirani yetu Bi Esha, akaenda na kwa wengine, mimi nikimfuata nyuma, yeye amejifunga kanga mpya. Nilimuuliza nani yuko shambani.

"Mpunga umeshakuwa wetu, mwanangu," akaniambia. "Niache nipumzike kidogo."

Nyani hawakupumzika. Tulipofika bondeni tulikuta mpunga umelazwa chini, masuke yametafunwa na kutemwa ovyo. Mama alisimama pembeni mwa shamba, hakutukana mtu. Tulichookota kilitufikisha Ramadhani tu. Mjomba alipokuja kutuchukua hakusema neno baya, na nadhani hilo lilimuuma mama kuliko kusemwa. Mimi nililia ndani ya lori mpaka Lindi.

Kwa miaka mingi niliwachukia nyani. Nilidhani pia kwamba mama alichoka, kwa sababu mtoto anajua uchovu wa mikono na miguu tu. Sikujua kwamba kilichokuwa kikimpandisha dunguni kila alfajiri kilikuwa hofu, na kwamba mjomba, kwa nia njema kabisa, alikuja akaiondoa siku chache kabla ya mavuno. Nilikuja kumuuliza nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

"Mimi sikuwa nalima mpunga," alinijibu taratibu. "Nilikuwa nalima nisije huku. Kaka aliposema nikae, nikaona nimeshavuna."

Alikuwa ameketi uani kwa mjomba, Mtama, akichagua mawe kwenye mchele wa kununua. Nyumba yake mwenyewe hakuipata tena.