Mwalimu wa Ruashi anayeisemea ‘Karvane 2’

Saa nane mchana. Mvua imelipiga bati tangu asubuhi, na ndani ya chumba cha Wivine Kisimba, mtaa wa Ruashi mjini Lubumbashi, watu kumi na wanane wamebanana kwenye mabenchi manne wakitazama skrini moja. Kwenye skrini, meli ya anga inawaka moto. Fundi wa kuchomelea aitwaye Fils ameshika manette, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, na mikono inamtoka jasho.

Wivine hachezi. Amesimama kando ya skrini, fimbo nyembamba mkononi, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Nahodha wa meli, mwanamke aitwaye Oda, anapofungua kinywa na maneno ya Kiingereza kutokea chini ya uso wake, Fils anabonyeza kitufe na picha inasimama.

“Oda anasema hivi,” Wivine anawaambia, akiikaza sauti mpaka inakuwa ya mtu mwingine. “‘Mi sirudi nyuma. Kama munaogopa, mubakie. Lakini ule atabakia, afunge mulango.’”

Watu wanacheka. Mzee mmoja wa benchi la mbele anatikisa kichwa polepole, kama aliyesikia habari za ndugu yake. Fils anabonyeza tena na vita vinaendelea.

Hiyo ndiyo kazi ya Wivine, mwenye umri wa miaka 46: kuusemea mchezo wa video. Watu wa Ruashi humwita Mwalimu, na hawakosei. Kwa miaka kumi na minne alifundisha Kifaransa katika shule ndogo ya msingi, hadi ilipofungwa mwaka 2019.

“Nilibakia na televizyo, na mashine ya michezo ya ndugu yangu Paulin,” anasimulia. “Yeye alienda kutafuta kazi Kolwezi, akaniachia ile mashine. Nikasema, basi, ba-voisins bacheze.”

Majirani walikuja. Nusu saa ni faranga elfu moja, kutazama tu ni mia tano. Mwanzoni ilikuwa mpira tupu. Kisha mteja mmoja akaleta diski ya ‘Karvane’, mchezo wa vita vya anga unaohusu msafara wa meli zinazobeba watu wa mwisho kutoka sayari iliyoungua. Wachezaji walipenda bunduki na roketi, lakini wahusika walipoanza kuzungumza, kila mtu aliruka mazungumzo. Maandishi ya Kifaransa yalikuwa yakipita haraka mno.

“Ilinikera,” Wivine anasema. “Niliona bantu banaua, hawajue banaua nani wala juu ya nini. Siku moja nikamushika mutu mukono. Nikamwambia, usiruke, ngoja nikusomee.”

Alisoma kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha nyumbani na sokoni. Wiki iliyofuata watu walirudi, na hawakuja kucheza. Walitaka kujua Nahodha Oda amefikia wapi. Baada ya mwezi, wengine walikuwa wakipanda taksi kutoka mtaa wa Makomeno kuja kusikiliza. Siku nzuri humwingizia faranga elfu ishirini na tano hivi, kabla ya mafuta ya jenereta.

‘Karvane’ ya kwanza iliishia pabaya. Oda alibaki peke yake kwenye sayari ya barafu, mlango wa mwisho ukafungwa, maandishi ya majina yakapanda. Kwa miaka mitatu wateja waliuliza swali moja: ya pili itafika lini?

Ilifika Desemba. Mfanyabiashara wa mjini alimpatia Wivine diski mojawapo kati ya zile za mwanzo kuingia Lubumbashi, naye akabandika karatasi mlangoni: Jumamosi, saa nane, Oda anarudi. Jumamosi hiyo watu walijaa mpaka wengine wakasimama dirishani.

Aliingiza diski. Kwenye ukurasa wa lugha akakuta mbili tu, Kiingereza na Kijapani. Diski ilikuwa imetengenezwa kwa soko jingine.

“Nilitafuta Kifaransa, haiko,” anakumbuka. “Anglais najua maneno kidogo tu. Mulango. Moto. Mama. Kupana. Lakini bantu bote wananiangalia.”

Angeweza kuzima. Badala yake akaanza kukisia.

Mwanzoni ilienda vizuri, kwani vita havihitaji tafsiri. Kisha Oda akaonekana akiwa hai, amesimama katikati ya maadui wa chuma wanaouwinda msafara, na baadaye akasema sentensi moja ndefu machozi yakimtoka. Wivine alilishika neno la kupeana na neno la lango. Akaunganisha. Akawaambia watu kwamba Oda amewapa maadui lango ambalo msafara ungepitia. Oda amewauza.

Siku tatu mfululizo Wivine aliijenga hadithi hiyo, na kwa maelezo ya waliokuwepo, aliijenga vizuri sana. Kila alichokiona kwenye skrini alikipinda kikakubaliana na usaliti.

Mtu mmoja tu alikataa. Pierre Mwape, mwenye umri wa miaka 63, ambaye kabla ya kustaafu aliendesha malori makubwa ya kubeba mawe katika mgodi wa Kinsevere, alisimama katikati ya sehemu ya tatu.

“Mwalimu, Oda hawezi kufanya vile,” alisema. “Mi namujua.”

Akachukua kofia yake akaondoka.

Papa Pierre, kama wote wanavyomwita, alianza kuja hapa mwaka aliofiwa na mkewe. Kwa kawaida hachezi. Anasema katika ‘Karvane’ ya kwanza kulikuwa na kipande ambapo Oda anasubiri abiria wote wapande kabla hajawasha injini, huku moto unakaribia. “Nilikuwa na hamu ya kuona mutu anasubiri bengine,” anaeleza. “Sasa banakwambia ule mutu ni mwizi. Nilienda nyumba. Sikulala vizuri.”

Siku ya nne mvua kubwa ilimwingiza chumbani mwanamke mgeni. Deborah Kavira, mwenye miaka 38, ni mzaliwa wa Butembo, Kivu Kaskazini, anayeuza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla. Alikuwa ameleta mzigo kwenye duka la jirani. Alikaa mwisho wa benchi kujikinga, akasikiliza, na paji la uso likaanza kukunjamana. Kiingereza alikijua kwa miaka kumi ya kufuata bidhaa Kampala.

Watu walipotawanyika alimsogelea Wivine.

“Mama, siko nakuya kukupatisha haya,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Lakini ule mama hasemi vile. Anasema aliwapa mulango wenye hauko wa kweli. Aliwadanganya, ili bantu yake bapite kwingine.”

Neno moja dogo la Kiingereza, lenye maana ya ‘siyo lenyewe’, lilikuwa limempita Wivine sikioni. Oda alikuwa amewapa maadui lango la uongo. Kwa siku tatu watu wa Ruashi walikuwa wakimlaani mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya wenzake.

Hakuna mwingine aliyejua. Deborah mwenyewe anasema asingemwambia mtu yeyote. Wateja walikuwa wakiipenda hadithi ya usaliti na chumba kilikuwa kimejaa kuliko wakati wowote.

“Nilijiuliza, sasa nifanye nini,” Wivine anasema. “Kiisha nikafikiria darasa langu. Kama uliandika kosa ku tableau, mwalimu anafanya nini? Anafuta, batoto banaona anafuta.”

Kesho yake, kabla ya kuwasha skrini, alisimama mbele ya mabenchi.

“Nilisema bongo,” aliwaambia, yaani uongo. “Oda hakutuuza. Anglais sijue, nikaona haya kusema sijue. Tutaanza tena mwanzo, na bale balilipa hawalipi tena.”

Wawili waliinuka wakaenda zao. Fils, aliyekuwa ameshamaliza sehemu tano kwa taabu, aliitazama manette mikononi mwake.

“Tangu mwanzo kabisa?” aliuliza.

“Tangu mwanzo.”

“Sawa,” Fils alisema, akafungua mchezo mpya.

Jioni hiyo Wivine alitembea mpaka kwa Papa Pierre. Alimkuta uani akimenya karanga.

“Papa, ulikuwa na haki,” alimwambia. “Oda hakutuuza. Ni mi nilikosa.”

Mzee aliendelea kumenya. “Nilijua,” alisema. Kisha akaongeza: “Munaendelea saa ngapi?”

“Kesho, saa nane.”

“Munibakishie fasi ya mbele.”

Tangu siku hiyo kazi inafanywa na wanawake wawili. Kila Jumatano na Jumamosi Deborah anakuja kutoka Makomeno. Fils anasimamisha picha, Deborah anaeleza kwa Kiswahili cha Kivu, Wivine anakigeuza kuwa cha Lubumbashi na kukipa sauti. Wakati mwingine wanabishana mbele ya watu. Nguvu inayomvuta mtu chini, ambayo katika mchezo huu hupotea na kurudi ghafla, Deborah aliiita ‘uzito’. Wivine alikataa, akisema uzito ni wa gunia. Waliafikiana kuiita ‘mkono wa chini’, na siku hizi chumba kizima hupiga kelele “mukono wa chini anarudia” kabla Fils hajaanguka.

Wivine ana daftari la maneno mapya ya Kiingereza. Wiki iliyopita yalikuwa mia tatu na arobaini.

Ukimwuliza kama ‘Karvane 2’ ni mchezo mzuri, hajibu kwa haraka. Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kitenge, ndipo anaanza kusahihisha kama anayepitia mtihani.

Kucheza kwenyewe, anasema, kumepanda sana. Katika ile ya kwanza Oda alikimbia kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Sasa anaruka, anashika ukuta, anageuka hewani, na mkono wa mchezaji unamtii. Kila bunduki ina sauti yake, na kivuli cha meli kinapopita juu ya barafu watu wa benchi la mbele huinamisha vichwa.

Papa Pierre ana lake la kusifu. Sehemu ya sita inapita kwenye mgodi uliochimbwa ndani ya jiwe kubwa linaloelea angani, na mchezaji huendesha mashine ya kutoboa. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuomba manette. “Ilitetemeka mu mukono,” anasema. “Ukiipeleka haraka, inakataa. Mutu mwenye alitengeneza ile, alikaa ndani ya mashine ya kweli.”

Kasoro pia zipo, na Wivine hazifichi. Mchezo ni mfupi. Ile ya kwanza iliwachukua wiki saba, hii wameimaliza kwa nne pamoja na kurudia. Maadui wa mwisho ni wale wale wa mwanzo waliopakwa rangi nyekundu. Hakuna tena nafasi ya watu wawili kucheza bega kwa bega, jambo lililomwumiza zaidi, kwa kuwa wateja wake wengi huja wawili wawili. Sasa mmoja hushika manette na mwenzake huchora ramani kwenye karatasi ili wasipotee.

“Na mwisho, bale balitengeneza balikimbia,” anaongeza. “Sawa mwalimu mwenye alisikia kengele na somo haijaisha.”

Lakini kosa analolirudia ni la ule mgodi wa angani. Wachimbaji saba wanabaki chini kushikilia mlango ili msafara upite, na wote wanakufa. Bunduki ya Oda ina jina. Meli yake ina jina. Hata mbwa wa chuma wa mpishi ana jina. Wale saba hawana.

Siku walipofika hapo, watu wa Ruashi, ambao wengi wao wana baba, kaka au mume mgodini, hawakupenda. Fils alimwomba Mwalimu awape majina. Wivine alikataa. Alikuwa ameapa kutoongeza neno lisilo kwenye skrini.

“Kubapatia majina haiko bongo,” Deborah alimwambia.

“Kwangu ni bongo,” Wivine alijibu. “Kama balisahau, ni bao balisahau. Mi siwezi kufunika.”

Hivyo kila wanapopita sehemu ya sita, kwa kuwa wateja wapya huomba ianzwe upya, Wivine anaelekeza fimbo kwenye sura moja baada ya nyingine. “Huyu, hawakumupa jina,” anasema. “Huyu, hawakumupa.” Mpaka wa saba. Hakuna anayecheka.

Mwezi uliopita yeye na Deborah waliandika barua ya Kiingereza kwa kampuni iliyotengeneza mchezo huo. Iliwachukua Jumapili tatu. Wametaja mazuri kwanza, kama walimu wanavyofanya, kisha kasoro, kisha wamejitolea kuandika maneno ya Kiswahili bila malipo iwapo itatoka ya tatu. Jibu bado. Wivine hana haraka nalo. Septemba anaanza masomo ya jioni ya Kiingereza katika kituo kimoja mjini, na Fils ameahidi kumchomelea fremu ya skrini ya pili.

Mwandishi alipoomba kuiona barua hiyo, Wivine alitoa nakala kutoka kwenye daftari, kurasa mbili za mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima. Mstari wa mwisho alikuwa ameupigia mstari chini, naye akausoma kwa Kiswahili, taratibu, akihakikisha kila neno.

“‘Kama munatengeneza ya tatu, mutuambie bale bantu saba baliitwa nani. Huku kwetu tuko bengi tunataka kujua.’”

Akaikunja na kuirudisha mahali pake. Nje mvua ilikuwa imekatika, na mtu alikuwa tayari mlangoni akiuliza kama fasi ya mbele iko wazi.