Ulanzi Uliokomaa Njiani

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake kwanza, mwanangu: harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ukichacha ndani ya basi, mvua ikipiga vioo, na abiria wa viti vya nyuma wakinusanusa kama watu wanaopita jirani na kilabu cha pombe. Dumu lilikuwa langu. Nilikuwa nimelibana katikati ya miguu, nimelifunika kwa khanga, nikitazama nje kama msichana aliyebeba nguo zake tu.

Nimesikia kwamba ninyi vijana wa Mbeya na Iringa siku hizi mnapika bia zenu wenyewe, kidogo kidogo, kisha jioni mnawaalika watu mezani, kila sahani na bia yake. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Juzi binti yangu alinipeleka kwenye chakula cha namna hiyo. Nilikula vizuri, nikanywa kidogo kuliko nilivyotaka, lakini walipotuletea samaki wa pilipili na bia chungu, ulimi wangu ukawaka kama umeguswa na kaa la moto. Nikalikumbuka lile basi. Kwa hiyo nivumilie nikusimulie.

Nilikuwa mchumba wa Ambakisye, fundi seremala wa Kinyakyusa, ambaye wazazi wake walikuwa wanaishi Uyole, pale unapoingia Mbeya. Sisi kwetu ni karibu na Tosamaganga. Baba yake hakunitaka. Hakuwa na neno baya juu yangu. Alisema tu kwamba Iringa ni mbali, na kwamba Wahehe wana hasira za karibu. Mwishowe, baada ya kusumbuliwa sana na mwanawe, akasema: basi aje apike, nile chakula chake, nikiridhika nitamtuma mshenga kwao. Nisiporidhika, habari iishe.

Na hapo ujue jambo moja. Kwa desturi ya wakwe zangu, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nilikuwa naenda kupimwa na mtu ambaye singemwona anavyotafuna.

Mama yangu alikuwa na mianzi yake nyuma ya nyumba. Alfajiri ile alinijazia dumu la ulanzi uliogemwa usiku, ule mtamu wa siku ya kwanza ambao hata watoto hunywa. Nami nilikwishapanga moyoni tangu Krismasi: ndizi za kupika kwa maziwa na karanga, laini, tamu, ziende na kinywaji kitamu. Mama akaniambia neno moja tu, "Mfuniko usiukaze. Huo unapumua."

Ningemsikiliza, lakini pale Ipogolo ilipanda kwaya nzima ya Kilutheri, mashati meupe, vitabu vya nyimbo mapajani. Harufu ikaanza kunivua nguo mbele ya watu wa Mungu. Nikaukaza mfuniko mpaka vidole vikauma.

Tulipokuwa tunakaribia Nyololo, mzee aliyekaa pembeni yangu akanigusa bega.

"Dada, hilo dumu linavimba au ni macho yangu?"

"Ni mafuta ya taa, baba."

"Mafuta ya taa? Mimi nimezaliwa chini ya mwanzi, mama. Legeza hapo, utatuua!"

Kondakta akageuka. "Nani kabeba bomu huko nyuma?"

Nikalegeza. Povu likaruka hadi kwenye dari ya basi, likarudi chini, likammwagikia mwalimu wa kwaya kichwani na mabegani. Kisha kutoka kiti cha mwisho, sauti nzito ya besi ikaimba taratibu, "Aaaa-mina." Watu walicheka mpaka dereva akapunguza mwendo. Mwalimu wa kwaya alijifuta uso na leso, akaniambia, "Usilie, dada. Mimi nimemwagiwa tu, sikunywa."

Nilifika Uyole na dumu pungufu, lakini nikajipa moyo. Nikawasha moto, nikamenya ndizi, nikatia maziwa na karanga. Jikoni nilikuwa na shangazi yake Ambakisye, Shangazi Tusekile, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa kiungo kati yangu na sebule. Ndizi zilipokaribia kuiva, akajimiminia ulanzi kidogo kwenye kikombe, akanywa, akafumba macho.

"Gwe binti, umeionja pombe hii?"

"Nimeionja asubuhi, shangazi, nyumbani."

"Sijakuuliza ya asubuhi. Nakuuliza hii."

Nikaonja. Utamu wote ulikuwa umeliwa njiani. Ulibaki ukali unaong'ata pande za ulimi, na uchachu kama wa limao bichi. Shangazi akanilisha kijiko cha ndizi zangu, akanipa kikombe tena. Mwanangu, maziwa yaligeuka mtindi mdomoni mwangu.

"Umepikia pombe uliyoiacha Iringa," akasema. "Hii iliyokuja na wewe hujaitazama hata usoni."

Nikaanza kulia. Nikasema naimwaga, tukanunue bia za chupa dukani. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Unaimwaga kwa kosa gani? Imekua tu! Wewe nawe ulivyokuwa juzi ndivyo ulivyo leo? Futa kamasi. Sasa niambie, kitu kikali namna hii kinatafuta nini?"

Nikafikiri. "Mafuta."

"Na nini tena?"

"Chumvi."

"Haya, sasa unaongea kama mpishi."

Akatoka mbio kwa jirani aliyechinja nguruwe asubuhi, akarudi na mbavu zimefungwa kwenye jani la mgomba. Tulizipaka chumvi na tangawizi ya kutwanga, tukaziweka juu ya makaa taratibu mpaka mafuta yakaanza kudondoka na kuimba. Viazi tukavichemsha na maganda yake. Ndizi zangu za maziwa tukawapa watoto wa nyumba ile, ambao hadi leo husema kile kilikuwa chakula bora kuliko vyote walivyowahi kula.

Shangazi akapeleka sinia na jagi. Nikabaki nimesimama nyuma ya ukuta, sikio limegusa udongo. Kimya. Mfupa ukawekwa kwenye sahani. Kimya tena. Nilisikia akimeza, akishusha pumzi ndefu, halafu mfupa mwingine. Sijawahi kuusikiliza muziki wowote kwa makini namna ile. Shangazi akatokea mlangoni na jagi tupu, amebana midomo asicheke.

"Anataka lingine."

Akalipeleka. Na baba mkwe, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema nami, akasema na dada yake kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: "Tusekile, mwambie huyo wa Iringa kwamba kwao si mbali kama nilivyodhani. Mshenga ataondoka Jumatatu."

Nimeishi kwenye ukoo ule maisha yangu yote ya utu uzima.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike. Bia unayoipika haikai ulipoiacha. Ile ya kimea cha ulezi uliyoionja pipani si ile itakayomiminwa mezani. Njia imeibadilisha, joto limeibadilisha. Kijana aliyetuletea samaki wa pilipili aliniambia alikuwa amepanga vyakula vyake mwezi mzima kabla, na bia alikuwa ameionja mara ya mwisho wakati huo. Mimi nakuomba uonje siku yenyewe, ndipo uwashe jiko. Ikiwa kali na chachu, ipe mafuta na chumvi. Bia chungu ipe nyama ya kuchoma iliyoungua kidogo kingo zake, usiipelekee pilipili, zitagombana. Pilipili itulize kwa ile iliyobaki na utamu. Ikikushinda kabisa, badilisha sahani, usiilaumu bia. Mimina kidogo, watu waongee. Na asiyekunywa umwekee togwa zuri kwenye glasi nzuri ileile, asijione yuko kwenye benchi la nyuma.

Na wageni wako nao watakuja si kama ulivyowapanga. Atakayekuja amechoka, mpe chakula cha mtu aliyechoka.

Haya, nenda jikoni. Mungu akupe ulimi mwaminifu, moto usiozimika, na wageni wanaosahau kuaga.