Kuku wa Mwalimu wa Kemia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za mwaka jana, mwanangu, ni ile niliyopeleka kuku hai ofisini kwa mwalimu wangu wa kemia.

Wewe hujazaliwa bado. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa na sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana, kwa hiyo usiwe na haraka. Lakini wazee wa kanisani kwetu wanapotupa nasaha, wanasimulia mambo ya ujana wao wa zamani sana, na yote yameshalainika, hayaumi tena. Mimi nakuandikia mapema, kabla sijasahau yalivyokuwa.

Tulifika Durban kutoka Uvira, mimi, mama na yaya Bahati, kaka yangu mkubwa. Baba alibaki. Anatutumia sauti yake kwenye kaseti, kwa mkono wa wasafiri. Tunakaa Sydenham, chumba cha nyuma katika ua wa watu. Maisha yangu yote nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa, kisha nikafanya mtihani wa mwisho wa sekondari kwa Kiingereza. Nilipata F ya hesabu na F ya sayansi. Kwa alama hizo chuo kikuu hawakufungulii hata dirisha, sembuse udaktari. Nikaingia chuo kidogo cha mjini, kinachopokea watu wa kurudia masomo. Madarasa yake yako juu ya duka la matairi. Kanisani walikuwa wameshaanza kuniita Dokta. Sikuwakatalia wala sikuwakubalia, nilicheka kidogo nikiangalia viatu vyangu.

Sababu yangu ya kutaka udaktari si ya kumliza mtu. Baba alipokuwa anampasua mbuzi wa Noeli, mimi ndiye niliyemshikia miguu, nikataka kujua kila bomba mle ndani linakwenda wapi. Ni hivyo tu.

Jaribio la kwanza la kemia nilipata kumi na moja juu ya hamsini. Mwalimu alikuwa mama wa Kihindi, miwani yake ina kamba shingoni, sote tulimwita Mam. Alituambia bila kukasirika kwamba atakayeshindwa jaribio la pili atatolewa kwenye sayansi, atahamishiwa darasa la ukarani. Ukarani ni kazi nzuri. Ila kutoka ukarani hakuna njia ya kurudi kwenye udaktari, nilishauliza. Akaongeza kwamba ofisi yake iko wazi kila Alhamisi mchana kwa mwenye swali.

Hakuna aliyekwenda. Mimi niliogopa kwa sababu kule nilikosoma, kumfuata mwalimu na swali baada ya somo ni kama kumwambia hajui kufundisha. Nikamweleza mama.

"Utaenda," mama akasema. "Lakini kwa mukubwa hawaendi mikono mitupu. Atauliza ulilelewa na nani."

Kesho yake akarudi kutoka soko la Warwick na kuku mwekundu, miguu imefungwa kamba.

"Mama, hapa hawafanyi hivyo."

"Kwani mwalimu wa huku haiko na tumbo?"

Yaya Bahati alikuwa amelala kwenye godoro. Akainua kichwa. "Dokta, umuangalie vizuri huyo. Ni mgonjwa wako wa kwanza."

Pale mlangoni mwa chuo mlinzi Mzulu alipoona kichwa cha kuku kimetokeza kwenye mfuko, akapiga makofi. "Eish, sisi!" akasema, yaani dada kwa lugha yao. "Mahari ya nani hiyo?" Waliokuwa kwenye ngazi wakacheka wote. Nikapanda hivyo hivyo.

Mam alimuona kuku kabla ya kuniona mimi.

"Hii ni nini?"

Nikamtoa mfukoni, nikamweka chini. "Ni yako, Mam."

"Kwa nini?"

Sentensi yangu ya Kiingereza nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Ikapotea. Nikanyamaza, na kadiri nilivyonyamaza uso wake ukazidi kufungwa.

"Alama haziuzwi hapa," akasema. "Unajua naweza kukupeleka kwa mkuu wa chuo sasa hivi? Watu wanafukuzwa kwa jambo hili."

Nilielewa kila neno. Nilijiona niko barabarani tayari, bila sayansi, bila hata ukarani, na mdomo haufunguki. Kuku akanya kwenye zulia. Mam akaliangalia zulia, akaniangalia mimi, akavua miwani.

"Nakuuliza tena," akasema, polepole zaidi. "Umekuja kutafuta nini?"

"Moli," nikasema. "Kila siku tunaandika moli, moli. Nimeikariri, Mam. Lakini sijui ni kitu gani. Ni kama kilo?"

Maneno hayo machache yalichukua muda, maana kila moja nililipima kabla ya kulitoa. Hakunimalizia. Alingoja hadi mwisho.

"Na kuku?"

"Kuku ni heshima. Kwetu."

"Kwenu," akasema. Akavaa miwani. "Ukiomba dazeni ya mayai sokoni, unataka mayai mangapi?"

"Kumi na mbili."

"Dazeni ni uzito?"

"Hapana. Ni idadi."

"Moli nayo ni idadi, ya vitu vidogo mno. Kaa."

Nikakaa. Kuku tulimfunga kwenye mguu wa meza. Nilipoondoka nilikuwa nimefanya maswali matano kwa mkono wangu, na nimesugua zulia. Mam akasema, "Alhamisi ijayo uje tena. Peke yako."

Mama aliumia sana niliporudi na mzigo wangu. "Amekataa? Basi ile mama hakupendi." Kuku tulimla Jumapili na wali.

Alhamisi zote nilikwenda. Jaribio la pili nilipata thelathini na moja, nikabaki kwenye sayansi. Mama aliishika karatasi, akaitazama mbele na nyuma. "Angekubali kuku," akasema, "ungepata arobaini."

Sijawa daktari, mwanangu. Mtihani wa kurudia uko mbele yangu na hesabu zangu bado zinalegea. Huenda utakaposoma hapa utamkuta mama yako ni karani. Hata hivyo nasema ninachokijua. Wakikuanzisha chini, anzia hapo chini, wala usiwaache watu waamini kwamba uko juu. Usichokielewa kipeleke mapema kwa anayekielewa, kingali kidogo, na ukiseme kwa lugha uliyonayo hata kama inachechemea. Kimya chako kila mtu atakijaza na mawazo yake mwenyewe, na mara nyingi atakujazia mabaya.

Mungu akukuze. Akupe miguu ya kupanda ngazi huku unachekwa. Na akukutanishe na watu wanaouliza mara ya pili, kisha wakangoja umalize kusema.