Maua Aliyoyalaza Mwenyekiti

Mwaka ule wa kuhamia vijijini kila mtu alibeba kitu kimoja asichokihitaji. Shangazi Hedwiga alibeba mbegu, kafunga fundo kwenye ncha ya kanga. Alizitoa bustani ya masista alikokuwa akifua. Jina la ua hakuambiwa.

Mvua ziliponyesha, mlangoni pake pakaota mashina yaliyompita kimo, yenye maua ya rangi ya waridi na meupe, kila ua na sharubu ndefu kama za paka. Majani yalikuwa na vidole vitano, yananata na kunuka. Hedwiga akayanusa, akapasua ganda jembamba, akatangaza, "Huyu ni ndugu yake mgagani, ile mboga yetu. Kaolewa kwa matajiri."

Wendelin, mtoto wa kaka yake na mwenyekiti wa kijiji, aliona vidole vitano tu.

"Shangazi, hii bangi. Bibi Shamba anakuja kutukagua, utanifungisha."

"Bangi ina sharubu?"

"Hata mimi sina, na ni mwenyekiti. Ng'oa."

Aling'oa, akiliaga kila shina. Ilikuwa Machi, majira ya kuandaa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, na Mmatengo hatupi jani: wanaume hulaza nyasi kwa miraba, wanawake huchimba katikati na kuzifunika udongo, kisha maharage juu. Wendelin mwenyewe aliyabeba mabua yale, maganda yakimpasukia begani na kumwaga mbegu, akayalaza pamoja na nyasi kwenye shamba la ujamaa.

Bibi Shamba, Mwanabibi wa Tanga, alifika Mei. Mlima mzima ulikuwa umechorwa miraba ya maua yale ya waridi. Hedwiga alishika kifua. Likitajwa tena neno bangi, haitabaki hata mbegu moja.

Mwanabibi akafikicha jani, akanusa, akapiga chafya.

"Mgagani wa maua. Mama anao uani. Maharage hayajadhurika, yaacheni. Nani kapanda?"

"Mimi nilichimba tu, mama," alisema Hedwiga. "Huku kwetu huulizwa aliyelaza nyasi."

Macho yote kwa Wendelin.

"Ni mpango wa kijiji," alisema.

Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikateremka bondeni hadi kwa wachunga mbuzi, ambao walicheka bila kujua kisa. Mwanabibi alilazimika kukaa chini.

Jioni Wendelin akabisha hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Bwana Bangi."

"Mke wangu anayataka mlangoni. Hupandwa vipi?"

"Hujipanda. Wewe laza nyasi tu."