Wifi Yangu Kwenye Filamu

Nilikuwa nachambua mchele wifi yangu alipoingia mbio. "Njoo unitazame! Naigiza filamu, duka la vitambaa hapo chini!" Nikashuka na sinia langu.

Mwongozaji alikuwa mama wa Kikongo. Kwao aliigiza jukwaani kwa Kifaransa miaka mingi, kisha akaanza kuongoza tamthilia, na sasa filamu. Alichotaka ni kidogo: mteja aombe kupunguziwa, mwenye duka akatae. Mwenye duka, Mchina wetu wa hapa Dengfeng, mtaa wa Uchina tunakofanyia biashara, alikubali kuigiza mpaka saa ya kufunga.

Wifi akashika kitambaa, akataja bei yake, akabetua midomo, akaondoka. Mwenye duka akamkimbilia. "Rafiki, rudi! Napunguza!"

"Simamisheni!" akasema mama. "Bosi, kataa!"

Wakarudia. Akapunguza tena. "Mteja anaondoka, nikatae vipi?" akalalamika, huku akianza kuingiza majora ndani.

Yule mama akamgeukia wifi. "Ma chérie, acha kununa. Kipende kitambaa."

Wifi akakikumbatia, akakinusa, machozi yakamlengalenga. Mwenye duka akamtazama mara moja tu, akakunja mikono. "Hapana. Bei ni ileile."

"Safi! Tumepata!"

Jukwaa limemfunza mama yule kuanika moyo. Sisi wachuuzi, kazi yetu ni kununa mbele ya tunachokitamani.

Jioni nikapakua wali, nikahesabu vichwa. Watoto wapo, baba yao yupo, mwongozaji nimemkaribisha. Wifi aliingia wa mwisho, amekumbatia jora la kitambaa kile. Amelinunua, kwa bei ileile.