Hendeli Ndani ya Kasha la Mama

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na udi hunirudisha uani kwetu Azaiba, Maskati, nikiwa na miaka kumi, msimu wa baridi. Udi ulikuwa wa Mama, aliyekuwa akifukiza nguo kila Alkhamisi, siku ambayo wakati ule ilikuwa ya mapumziko. Mafuta ya taa yalikuwa ya Baba, aliyekuwa akioshea vyuma ndani ya sinia kubwa la Mama la pilau, bila ya ruhusa. Baina yao nilikaa mimi, mtoto wao wa pekee, nikikausha boliti kwa kitambaa na kuzipanga juu ya gazeti kuukuu. Sasa nimevuka hamsini, na nimechoka kwa uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nikiulizwa lini mara ya mwisho nilikaa mahali bila ya kutamani kuwa pengine, nitautaja ule ua.

Chanzo kilikuwa gari. Baba alilikuta Hail, si mbali na kwetu, ndani ya shamba la mitende la mzee mmoja aliyemwita akamtengenezee mashine ya kuvutia maji. Lilikuwa gari la Kimarekani la kabla ya vita vikuu vya pili, limefunikwa makuti, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na mchwa wamekula mbao za milango, maana magari ya zama zile yalikuwa na mifupa ya mbao chini ya bati. Usukani ulikuwa kulia, kwa kuwa lilikuja kwa meli kutoka Bombay, ambako magari hupita kushoto, wakati huku kwetu Oman tunapita kulia. Mzee alipouliza fundi anataka ujira gani, Baba alinyoosha kidole kule kwenye kuku. Mzee akacheka mpaka akashika mgongo, akamwambia alichukue. Lilifika kwetu likivutwa na lori la maji. Mama alilitazama kutoka mlangoni, akajifunga vizuri mtandio wake, akasema, "Haya. Leo nimeletewa mke mwenza."

Jina hilo ndilo lililobaki. Baba akichelewa kula, Mama huniambia, "Kamwite huko kwa mke mwenzangu." Lakini alikuwa akitania jambo ambalo hakulijua vizuri, na ambalo mimi nililijua kidogo tu. Baba, alipokuwa kijana Unguja, alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa karafuu, na gari alilokuwa akiliendesha lilikuwa pacha wa hili. Kule watoto walikuwa wakimkimbilia. Huku Maskati alikuwa karani wa ghala katika ofisi moja ya serikali. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na vijana wa ofisini walikuwa wakimtaka arudie neno alilokwisha kulisema, kisha wakitazamana. Hakuyasimulia hayo nyumbani. Nilikuja kuyaelewa siku niliyokwenda naye kazini na kumwona akichagua maneno mepesi ili asikosee. Mama aliolewa naye hapa hapa Maskati, akiwa mwenyewe aliletwa kutoka Unguja bado mdogo, na hakuwahi kumwona Baba akiwa mtu wa kutazamwa. Jioni moja, mikono imo ndani ya injini mpaka viwiko, Baba aliniambia bila ya kunitazama, "Nnataka mamako anione. Siku moja tu, anione."

Basi msimu mzima ulikwenda kwa ajili ya siku hiyo. Kila baada ya sala ya alasiri Baba alivua kanzu, akavaa msuli, akaingia chini ya gari. Mpira wa bomba la maji aliukata kutoka kwenye tairi la lori, na gasiketi za kuziba baina ya vyuma alizikata kwa mkasi wa Mama, jambo lililozua ugomvi wa siku mbili. Hata hivyo ni Mama yule yule aliyeshona viti kwa cherehani yake, huku akinung'unika kwamba hajaona mke anayemshonea mke mwenzake nguo za harusi. Mimi nilifundishwa kuliwasha. Unafungua koki ya petroli, unapandisha juu kijiti kidogo kilichopo chini ya usukani ili cheche ichelewe, halafu mtu wa mbele anaingiza hendeli, chuma kilichopindwa, kwenye injini na kuizungusha kwa mkono. Kijiti kikisahauliwa chini, hendeli hupiga teke na kuvunja mkono. Ndiyo maana Baba alishika hendeli na dole gumba limelala pamoja na wenzake, kamwe hakulizungusha upande wa pili. Injini ikishika, mimi hukiteremsha kijiti polepole mpaka ngurumo itulie. Gia zake hazikuwa za kulazimisha. Lazima ukanyage klachi mara mbili na usikilize, na ukikosea, vyuma vinakusaga meno mbele ya watu. "Gari hii haitaki nguvu," Baba alikuwa akisema. "Inataka sikio." Siku ya kwanza lilipotembea lenyewe kutoka uani mpaka kwenye mchanga wa pwani, Baba ndiye aliyeliendesha. Alikaa wima, kofia yake ameivuta mbele kidogo, na nikamwona mtu nisiyemjua.

Pwani huko ndiko nilikogundua siri moja. Baba alikuwa na pikapu ya kazini, usukani kushoto, na kwa miaka yote aliiendesha barabarani bila ya kosa. Lakini akikaa ndani ya gari la zamani, usukani ule kulia, kijiti kile, harufu ile ya viti, mwili wake ulikuwa ukirudi Unguja. Alikuwa akihamia kushoto, njia ya kule. Hakuwa akijua. Mazoea yana tabu, na ya mwili yana tabu zaidi kuliko ya akili. Mara ya kwanza nilisema kwa woga, "Baba, kulia." Akashtuka, akarudi, akasema, "Ewallah, umefanya vyema." Tangu hapo ikawa desturi yetu. Mimi nilikaa kushoto kwake, upande wa magari yajayo, nikitazama njia, na akianza kupotoka nasema "kulia" kwa sauti ndogo, naye hurudi. Hatukuwahi kukubaliana kwamba Mama asijue. Hatukumwambia tu. Watu wa mtaani walianza kusimama kumpigia makofi, naye akaanza kwenda mbali zaidi na haraka zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwisho wa baridi Mama alikubali kulipanda. Dada yake alikuwa ametualika chakula cha mchana Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojificha ndani ya ghuba nyuma ya milima, na Baba alisema hatutakwenda kwa pikapu. Mama alikaa nyuma na sufuria ya biriani mapajani, ameifunga kwa kitambaa. Kupanda mlima kulikuwa kama Baba alivyoomba kwa Mungu. Alibadilisha gia bila ya mkwaruzo hata mmoja. Magari mapya yalitupita yakipiga honi kwa furaha, naye akajibu kwa ile honi nzito ya mke mwenza, na Mama nyuma akacheka kicheko nilichokuwa nikikisikia akiwa na dada zake tu. Akasema, "Kumbe mume wangu ni dereva! Wallahi mbona hukunambia?" Baba hakugeuka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Namshukuru Mungu kwamba lile nililisikia, na kwamba na yeye alilisikia.

Kuteremka ndiko kulikotuponza. Barabara ilikuwa nyembamba, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na breki za gari lile zilivutwa kwa vyuma, hazikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma kumtazama Mama akicheka. Kwenye kona, pikapu ya samaki ikatokea ikipanda, ikapiga honi, na Baba, kwa kushtuka, akakata usukani kushoto, yaani moja kwa moja upande wa ile pikapu. Sikuwahi kusema neno langu. Yule dereva wa samaki akatukwepa kwa kupita upande wetu, ukingoni mwa korongo, na gurudumu lake la nyuma likaparura changarawe mpaka zikamwagika chini. Tulisimama. Na yeye alisimama, akateremka akipiga kelele kwa Kiarabu, anauliza kama Baba ana wazimu, kama anataka kuwaua watoto wa watu. Baba alifungua mdomo, na Kiarabu chote kikamkimbia. Alimjibu kwa Kiswahili, "Nisamehe bwana, nisamehe," naye yule mtu hakuelewa hata hilo. Mama alikuwa ameinama akiokoa biriani, hakuona chochote. Alipouliza, Baba alisema yule wa samaki ndiye aliyetoka upande wake. Qantab hatukula vizuri. Baba alishika tonge, akalirudisha sahanini.

Kesho yake Mama aliniita jikoni, akafunga mlango. Alikuwa anachambua mchele, na mkono wake haukusimama. "Salma," aliniambia, "nikwambie kitu. Yule bwana hakuwa na ghadhabu ya mtu aliyekosa. Sema kweli, baba yako alikwenda upande gani?" Mama alinilea kwa methali, na aliyoipenda kuliko zote ni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilimwambia kweli. Nilimwambia na ya pwani pia, na neno letu la "kulia", yote, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana kule mlimani na nilitaka mtu mkubwa aujue woga ule badala yangu. Hakupiga kelele. Alikwenda uani, akaichukua hendeli, akairudisha ndani na kuitia chini kabisa ya kasha lake la nguo. Betri ya gari lile tangu zamani haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini, na bila ya hendeli lilikuwa bati tu. Baba aliporudi kutoka kazini alikwenda mbele ya gari, akatazama pale hendeli inapokaa, akanitazama mimi, akasema, "Khalas, yamekwisha." Hakumwomba Mama hata siku moja. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Alirudi kuwa karani, akalifunika gari kwa turubai, na mara mbili kwa mwaka alilifuta vumbi. Nilisema kweli, na huenda nilituokoa roho zetu. Nimejiambia hivyo kwa miaka arobaini, na bado sijashiba nayo.

Mama alifariki mwaka juzi. Nilipokuwa nikigawa nguo zake niliikuta hendeli imevingirishwa ndani ya kanga, imepakwa grisi. Grisi ilikuwa mbichi. Kwa miaka yote ile alikuwa akiipaka isishike kutu, na sijui alikuwa akiingoja siku gani. Sasa Baba anaishi kwangu Hail. Amepita themanini, jicho lake moja limekwisha, na maisha yangu ni kazi, foleni ya barabara kuu, hospitali, vidonge vya asubuhi na vya usiku. Gari nililitengenezesha, na Baba, ameketi kwenye kiti cha plastiki, alinifundisha kuliendesha kwa kulisikiliza. Mwanangu Haitham hakupenda. Kuna watu wanaokusanya magari kama haya, wanayang'arisha na kuyaweka chini ya taa, na wanamsumbua kwa simu. Aliniambia wazi, "Mama, mara moja tu nisikie mmekoswakoswa, linakwenda kwa hao wakusanyaji. Babu ni mzee, na wewe umechoka." Sikumbishia, maana yote mawili ni kweli.

Ijumaa moja ya mwezi uliopita, asubuhi, nilimchukua Baba mpaka Azaiba. Pale penye ua wetu sasa pana jengo la maduka. Alikaa kushoto kwangu, mikono juu ya bakora, akisikiliza gia. Nilikuwa nawaza vidonge vyake kama nimevichukua, na kijana wa pikipiki ya kupelekea watu chakula akachomoza kutoka kichochoroni. Nilikata usukani kushoto. Mimi, niliyezaliwa Maskati, ambaye sijaendesha hata baiskeli Unguja, nilikwenda kushoto, na gari jeupe lilikuwa likija. Nikasikia sauti ya Baba, ndogo, haina haraka, kana kwamba alikuwa ameishika tayari tangu tulipotoka nyumbani: "Kulia, mama." Nikarudi kulia. Gari jeupe likapita likipiga honi. Nilisimama kando ya maduka, nikaweka kichwa juu ya usukani, nikalia kama mtoto, na yeye akanipiga piga begani mpaka nilipomaliza. Kisha nikaliendesha mpaka nyumbani.

Haitham alikuwa akitusubiri mlangoni. Alinitazama macho yangu, akatazama gari, akamgeukia babu yake, kwa sababu anaamini mzee huyu hajui kusema uwongo. "Babu, sema kweli. Mmekwendaje?" Nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono chini ya kiti kuitoa hendeli, nimkabidhi yaishe. Baba alishuka taratibu, akasimama sawa, akavuta kofia yake mbele kidogo. "Salama," alimjibu. "Mamako dereva hasa. Hakutoka upande wake hata mara moja." Kisha akaniomba mkono tuingie ndani. Alinipa kwa pumzi moja kile ambacho mimi, siku ile jikoni mbele ya Mama, nilikuwa nacho mdomoni na sikumpa.